Panya wa Katoyi hawachimbi shimo

Methali moja tunayowafundisha wanafunzi kila mwaka inasema kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Mwalimu anaieleza, wanafunzi wanaiandika, tunapita kwa nyingine. Lakini kwetu Katoyi wanafunzi wanacheka kabla maelezo hayajaisha, juu panya wa hapa hawana lazima ya kuchimba. Volkano ilisha wachimbia zamani.

Ndugu msomaji, wenzangu katika kijitabu hiki wameandika juu ya ndoa, ngoma na majina ya watoto. Mimi nimechagua vita moja isiyo na ngoma: ile ya watu wa mji na wanyama wanaowasumbua nyumbani. Nayo ni mila. Kila kabila lililofika Goma lilikuja na mitego yake, miiko yake na hofu zake, na vyote hivyo vilikutana katika parseli zetu ndogo. Ninasema Katoyi ya komini ya Karisimbi, katika mji wa Goma. Isichanganywe na sekta ya Katoyi iliyo katika teritware ya Masisi, hata kama watu wengi wa Masisi wanaishi kwetu.

Tuanze na mawe. Goma imejengwa juu ya moto uliopoa. Lava inapotoka Nyiragongo inakuwa kama uji, na inapopoa ngozi yake ya juu inakauka kwanza, ndani inaendelea kutiririka, mwisho inabaki mianya, mapango madogo na nyufa zisizo na hesabu. Juu ya mawe hayo watu wanasimamisha nyumba za mbao. Mbao haziwekwi chini kabisa, zinakalishwa juu ya mawe ili maji yapite na zisioze. Basi chini ya kila nyumba kuna nafasi ya giza, kavu, isiyofikiwa na fagio wala paka mnene. Juu ya nyumba kuna manjanja, na kati ya manjanja na dari kuna chumba kingine ambacho mwenye nyumba hakukijenga kwa ajili ya mtu. Panya anakaa chini mchana, usiku anapanda juu, na katikati ndimo sisi tunalala.

Kule vijijini mambo yalikuwa namna nyingine. Adui mkubwa wa mkulima wa milima ya Kivu hakuwa panya wa nyumba, alikuwa fuko. Fuko anakula viazi vitamu na mihogo kutoka chini, na mwenye shamba haoni kitu mpaka siku ya kuvuna. Wazee wa Masisi, Lubero na Rutshuru wanajua mtego wake, na ningependa kuueleza vizuri, juu watoto wetu wa mjini hawajauona hata mara moja. Unatafuta njia ya fuko chini ya udongo na kuifungua. Karibu nayo unachomeka fito inayokunjika bila kuvunjika. Kwenye ncha ya fito unafunga kamba, kamba inashuka ndani ya tundu na kufanya tanzi, na kijiti kimoja kidogo ndicho kinachoshikilia yote. Fuko hapendi upepo uingie nyumbani kwake. Akisikia tundu limefunguliwa, anakuja mbio kuliziba na udongo. Anaposukuma udongo anagusa kijiti, fito inaruka, tanzi inambana. Mnyama anakamatwa na usafi wake mwenyewe! Kulikuwa na watu waliojulikana kwa kazi hiyo tu, wakiitwa shamba kwa shamba. Wengine walipanda utupa kando ya shamba, ule mmea ambao majani yake yanalewesha samaki, wakisema harufu yake inafukuza fuko.

Kwa panya wa nafaka, ghala lilisimamishwa juu ya miguu ya miti, mbali na ukuta na mbali na matawi. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto wa jikoni, moshi ukayalinda miezi yote. Hakuna aliyesema hayo ni elimu, lakini yalikuwa elimu: usimpe panya njia ya kupanda, na usimpe mahali pa kujificha.

Alipohamia Goma, mtega fuko alikuta hakuna udongo. Fuko hawezi kuishi ndani ya lava, na kazi yake ikafa siku ile ile. Ghala halina nafasi katika parseli ambayo nyumba tatu zinagusana. Moto wa kuni umekuwa mbabula ya makala inayowashwa inje. Maharage yanalala ndani ya gunia, chini ya kitanda, juu ya mbao, juu ya mwanya. Ndiyo sababu ninaona kwamba hatukushindwa na panya kwa sababu ya uvivu, kama wanavyosema watu wa mitaa yenye nyumba za kudumu. Tulinyang'anywa silaha na mahali penyewe.

Serikali ya kikoloni nayo ilipigana na wanyama, lakini kwa sheria. Tarehe 21 Aprili 1925 ilianzishwa Parc Albert, ambayo leo ni Virunga, na tangu hapo mtu wa kando ya parki aliyetega mnyama ndani yake aliitwa mwizi. Panya yeye aliingia katika mambo ya serikali kwa mlango wa ugonjwa. Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni kule Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa India, akaonyesha kwamba kiroboto ndiye anayeutoa ugonjwa kwa panya na kuuleta kwa mtu. Kumbe mambo hayo yalikuwa karibu nasi. Tauni ilijulikana Ituri tangu miaka ya 1920, na mwaka 1938 ikaonekana upande wa Ziwa Edward, katika teritware ya Lubero, ambako wazazi wa jirani zangu wengi wametoka. Mwaka 2005 iliua watu katika machimbo ya almasi ya Zobia, mbali kaskazini, na Ituri haijatoka kabisa katika hatari yake.

Fundisho moja la tauni ninalitoa kila mwaka darasani. Panya anayekufa mwenyewe, bila mtego, bila sumu, ni habari mbaya kuliko panya kumi wanaokimbia. Kiroboto wake anabaki na njaa, anatafuta damu nyingine. Kwa hiyo panya wa namna hiyo hashikwi kwa mkono, hatupwi kwa jirani, na kituo cha afya kinajulishwa. Huko Ituri watu wa afya wanafundisha vile vile.

Sasa tutazame wengine walifanya nini. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, mji uliokuwa na miaka michache tu. Wakubwa wa Kiingereza waliona mtaa wa maduka wa Wahindi ni mchafu, wakauchoma moto. Mtaa ukateketea, na watu wakapoteza mali. Mwaka huo huo wa 1902, Hanoi, mji uliokuwa chini ya Wafaransa, serikali iliamua kulipa pesa kidogo kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaja kwa maelfu, wakubwa wakafurahi. Halafu walianza kuona mjini panya wazima wasio na mikia. Watu walikuwa wanakata mkia na kumwachia panya aende azae wengine, na wengine walikuwa wanawafuga kabisa. Nimewaeleza wanafunzi habari hiyo, na kijana mmoja wa nyuma akauliza kama komini yetu haiwezi kujaribu. Darasa lilielewa vizuri sana alichofikiria.

Wakati wa Zaire ilikuja salongo. Kuanzia miaka ya 1970 watu walitolewa nyumbani kufagia, kukata majani na kuzibua mifereji. Wengi waliichukia juu ilikuwa ya lazima na ilikuwa na nyimbo za chama. Mimi nadhani ilikuwa na faida moja ambayo dawa yoyote haina: watu wa avenyu nzima walifanya usafi siku moja. Panya ukimfukuza peke yako anahamia kwa jirani, anakaa juma moja, anarudi. Mkimfukuza siku moja wote, hana pa kwenda. Mwaka 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, salongo ya siku ya posho ilirudishwa. Juu ya mambo mengine ya wakati huo sitaandika hapa. Lakini takataka zinazokusanywa asubuhi ya posho zinahitaji gari la kuzibeba, na pale gari halifiki, tunakuwa tumewapangia panya meza tu.

Nirudi nyuma kidogo, juu mwaka ambao wazee wetu wanautaja zaidi ni 1994. Mwezi wa saba, katika siku chache, wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda. Kolera iliua ovyo, na watafiti waliandika kwamba mwezi wa kwanza peke yake walikufa karibu watu 50.000. Ardhi ni jiwe, kaburi halichimbiki kwa jembe, askari wa Ufaransa walitumia mashini kufungua mashimo ya kuzika wengi pamoja. Mbwa wasio na mwenyewe walijaa barabarani, na watu wa umri wangu wanajua kwa nini tangu hapo mama wengi wa Goma hawapendi kuona mbwa karibu na mtoto. Hiyo siyo mila ya zamani. Ni mila yenye tarehe.

Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia mjini, ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji na kufika ziwani. Waliopoteza nyumba walipokelewa na ndugu zao katika mitaa iliyobaki, nyumba ya watu sita ikalaza watu kumi na tano, na mbao nyingine zikasimamishwa juu ya mawe mapya. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipasuka tena. Lava ilisimama upande wa Buhene, lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei serikali iliamuru kartye kumi ziondoke. Katoyi haikutajwa katika zile kumi. Hata hivyo wengi wetu tulifunga milango na kufuata njia ya Sake, kwa miguu, kwa pikipiki, na vyombo juu ya chukudu.

Tuliporudi mwezi wa sita tulikuta methali nyingine imetimia, ile ya paka akiondoka panya hutawala. Gunia za unga zilitobolewa. Godoro zilitolewa pamba ili kulaza watoto wa panya. Katika shule moja ambayo sitaitaja, rejista za miaka kadhaa zilikuwa vumbi, na mpaka leo kuna watu wazima wanaozunguka na barua ya kuthibitisha kwamba walisoma, juu alama zao ziliishia tumboni mwa mnyama. Mtu asiyeishi kwetu anaweza kufikiri panya ni jambo la kuchekesha. Gunia la maharage kwa mama anayeuza kwa kilo ni karo ya watoto wawili. Na mtoto mchanga anayelala na harufu ya maziwa mdomoni anaweza kung'atwa kidole au sikio. Mama wa Katoyi wanampangusa mtoto mdomo na mikono kabla ya kumlaza, hata kama wamechoka namna gani, na wanajua sababu.

Kutokana na hofu hiyo, sumu imekuwa biashara. Vijana wanapita na vipaketi visivyo na jina, vingine ni dawa ya wadudu wa mashambani iliyogawanywa tu katika karatasi. Hapa nitasema wazi maoni yangu: sumu ile haifai kwa nyumba zetu. Kwanza, panya aliyekula sumu anakwenda kufa ndani ya mwanya wa lava ambapo mkono haufiki, na nyumba inanuka siku kumi. Pili, paka anayemkuta anajikokota anamla, naye anakufa, na mwezi unaofuata panya wanazidi. Tatu, watoto wetu wanacheza chini. Kuna sumu zinazozuia damu kuganda, ambazo mtu haonekani mgonjwa siku hiyo hiyo, anaanza kutoka damu baada ya siku mbili tatu, na dawa yake ipo hospitalini, ni vitamini K. Nyingine zinaua kwa saa chache. Muganga hawezi kujua ni ipi kama paketi haina jina na imetupwa. Mzazi anayefika na mtoto aliyelamba sumu abebe na karatasi ile.

Mtego wa kweli wa Katoyi ni bidon. Unaikata juu, unaweka maji nusu, unapitisha kijiti kinachozunguka, katikati ya kijiti unapaka ugali na mafuta kidogo ya mawese. Panya anatembea juu ya kijiti, kinageuka, anaanguka. Asubuhi unakuta watatu au wanne, unaona hesabu, unawazika au kuwachoma, na hakuna mtoto aliyeumia. Nasikia vizuri mle sauti ya mtega fuko: usimfuate mnyama, mfanye aje mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo mila zetu, nionavyo, zilitukosesha, nalo ni bundi. Karibu makabila yote yaliyo Katoyi yanakubaliana, jambo la ajabu kwa watu wasiokubaliana kwa mengine: bundi akilia juu ya manjanja kuna mtu atakufa. Basi anapigwa mawe, na anayekaa kimya anaulizwa ametumwa na nani. Mzee mmoja mwenye heshima alishukiwa ulozi na jirani zake kwa sababu tu bundi alilala katika dari yake juma zima. Ndugu zangu, bundi mweupe wa uso kama sahani, yule anayekaa kwenye mapaa ya makanisa, chakula chake ni panya. Anapolea watoto anapeleka panya kadhaa kila usiku. Anakuja juu ya nyumba yako kwa sababu umejaza panya, na mahali penye panya wengi kuna magonjwa, na penye magonjwa kuna vifo. Kwa hiyo wazee hawakuona uongo. Waliona bundi, waliona kifo, wakasahau panya aliye katikati.

Popo walipata shida sawa vile. Mwezi wa saba 2019 Ebola iliingia Goma na mtu aliyetoka Butembo, hofu ikapanda, na kwa kuwa ilisemwa kwamba popo wanashukiwa kuhifadhi virusi hiyo, watu walitaka kuchoma dari zilizo na popo. Nyumba ya mbao! Wale wadogo wa darini wanakula mbu na wadudu wa usiku. Anayewachukia azibe matundu jioni walipotoka, na akiwaokota wamekufa asiwashike kwa mkono mtupu, inatosha. Mwaka 2024 ilikuja mpox katika kambi za waliohama zilizozunguka mji, na tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ikazinduliwa hapa Goma. Wanafunzi waliniuliza kama panya wetu ndio walioileta. Niliwajibu kwamba virusi hiyo inajulikana kwa mtu tangu 1970, kwa mtoto wa Basankusu katika Équateur, na kwamba wanyama wa porini wa jamii ya panya na kindi wanashukiwa. Lakini ile iliyotoka Kamituga mwaka 2023 ilikuwa inatembea kutoka mtu kwa mtu. Kumlaumu panya kwa kila kitu ni kumpa kazi za bundi.

Juu ya ndege wa mchana nitasema machache. Mwewe anashuka na kubeba vifaranga, mama wanawafunika chini ya kitunga kikuukuu. Kunguru wetu, mwenye shingo nyeupe, anaiba sabuni na nyama, lakini ni mzaliwa wa hapa na anasafisha nyuma ya wachinjaji. Asichanganywe na kunguru wa pwani, aliyetoka India na kufika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambaye leo anafukuza ndege wengine na kula mayai yao. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kuua milioni moja kwa sumu. Sumu yenyewe inaitwa DRC-1339, jina ambalo Mkongomani akilisoma anashtuka, lakini herufi zile hazina habari na inchi yetu.

Kule Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa na kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kamboja. Niliposimulia habari hiyo kwa jirani, mama mwenye ligablo, aliniuliza kwa upole kama yule wa kwake anayekula biskuti kila usiku anaweza kupelekwa huko.

Yeye ana paka. Paka wa avenyu yetu hana mwenyewe mmoja, hata kama kila mtu anajua alizaliwa kwa nani. Mama anayeleta gunia jipya anatuma mtoto kumwomba kwa siku tatu, na anamrudisha na vichwa vya sambaza ndani ya karatasi, ndiyo malipo. Anapozaa, watoto wamesha gawanywa kabla hawajafungua macho, na anayetaka mmoja lazima aahidi mbele ya mama wengine kwamba hataweka sumu ndani ya parseli. Mwaka jana mtu mmoja alivunja ahadi. Paka alikufa chini ya sakafu, harufu ikatoka nyumba ya tatu, na chefu wa nyumba kumi akaitwa. Hukumu ilikuwa kutafuta paka mwingine, jike, na kilo mbili za sambaza. Alimpata Birere, kwa bei ambayo hajakubali kuitaja.